Tunda Lisilogonga Ardhi

Nina kisa.

Kilete.

Kina miba.

Tutakishika kwa jani.

Basi sogeeni, na anayesinzia aende akalale kwao, mimi sisimulii ukuta. Nawaambia mapema kwamba mwisho wa kisa hiki sitoi hukumu. Hukumu ni yenu. Na nyinyi nawajua. Hapa hapa yupo atakayesema, "Si wagawane tu, yaishe?" Huyo namwonya tangu sasa: nitamchotesha maji ya nyumba hii mpaka mvua zianze. Tukifika huko mtaona kwa nini.

Kule kwetu juu, kwenye milima ya Usambara yenye msitu usiokauka majani mwaka mzima, kuna mti unaitwa msambu. Ni mti mrefu, umenyooka, na matunda yake yananing'inia huko juu, ya rangi ya udongo, mengine makubwa kushinda kichwa cha mtu mzima. Nyama ya tunda inateleza kama kamasi. Lakini ndani mna kokwa, na kwenye kokwa mna mafuta. Ukizianika, ukazitwanga, ukazichemsha, mafuta yanaelea juu, na yakipoa yanaganda meupe, magumu, unayakata kwa kisu. Hayo ndiyo tunayokaangia mboga, ndiyo tunayopikia sabuni, ndiyo tunayompaka mtoto mchanga na mzee aliyepasuka visigino. Majani yake tunatafuna kifua kikibana. Nyama ya tunda tunategea panya. Chini ya kivuli chake tunapanda iliki. Mwenye msambu mmoja unaozaa vizuri hakosi kitu nyumbani, na asiye nao huenda kwa jirani na kibakuli mkononi.

Mti huu una sheria zake. Ya kwanza, tunda la msambu halichumwi. Linasubiriwa liachie lenyewe, maana la kuchuma kokwa zake ni changa. Ya pili, na hii mtoto wa kule anafundishwa kabla hajajua kuosha uso: msimu wa kuanguka ukifika, hukai chini ya msambu. Unapita, unaokota, unaondoka. Tunda lile likitoka kule juu halichagui kichwa.

Sasa kulikuwa na mjane mmoja, Bi Mkunde. Msambu wake ulikuwa mmoja tu, lakini ulizaa kuliko misambu yote ya mlima ule. Ulisimama nyuma ya nyumba yake, ukingoni mwa korongo, nusu ya matawi juu ya ardhi na nusu juu ya shimo. Wanawe watatu walioa, kisha wakateremka kwenye mashamba ya mkonge, wakawaacha wake zao kwa mama yao. Walikuwa wakija Idi moja wanaruka mbili. Basi wale wakamwana watatu wakabaki na mavyaa wao. Mungu akunyime mali, akunyime na sura, lakini asikupe mavyaa kama yule.

Mke wa mwana mkubwa aliitwa Mwajabu, na yeye alijaliwa masikio. Akiwa jikoni, moto unalia, mvua inapiga bati, alisikia kikonyo cha tunda kikikatika kule nyuma, akakwambia limeanguka upande gani, kwenye mizizi au kwenye majani makavu. Bi Mkunde alipoligundua hilo alimlaza Mwajabu chini ya dirisha la nyuma, pale penye baridi, awe anasikiliza. Tunda likianguka, Mwajabu aondoke akaliokote kabla nungunungu hawajalifikia. Wakilifikia, siku hiyo Mwajabu hali.

Mke wa mwana wa kati aliitwa Sikudhani, na yeye alijaliwa mgongo. Mzigo unaowashinda wanaume wawili, Sikudhani alijitwika akapanda nao mlima huku anaimba. Bi Mkunde alimtuma kuni, akamtuma maji, akamtuma kupeleka kokwa sokoni na kurudi na mawe ya kusagia. Akikuta ametulia, alimuuliza kama mgongo ule aliuleta pale kuuegemeza ukutani.

Mke wa kitinda mimba aliitwa Zaituni, na yeye alijaliwa mikono. Kokwa zilezile, chungu kilekile, mwingine akichemsha anapata mafuta ya kijivu yenye harufu, lakini Zaituni akichemsha yanatoka meupe pee. Watu walitoka kijiji cha pili kuja kuyataka. Bi Mkunde aliyatia kwenye kibuyu, kibuyu akakifungia sandukuni, ufunguo akaufunga kiunoni chini ya nguo. Wakati wa mboga alikuwa akiwakwangulia wakamwana wake mafuta kwa ukucha. Zaituni aliyeyapika alibakiwa na makapi, na makapi ya msambu ni machungu, hata kuku anayaruka.

Mtasema, mbona hawakuondoka? Waende wapi? Kwao kulikuwa na kaka waliokwishaoa na wake wasiotaka wifi nyumbani. Isitoshe, Bi Mkunde alikuwa na chambo. Kila walipochoka, aliwakusanya akawaambia kwamba siku atakayoona nani kati yao anamfaa kweli, huyo atampa msambu uwe wake, yeye na kizazi chake, na wale wawili watafunga vitu vyao warudi makwao. Basi kila mmoja akawa anavumilia akimtazama mwenzake pembeni ya jicho. Hata hivyo walipendana, nisiwasingizie. Walisukana nywele, walifichiana makosa. Mwajabu akinyimwa chakula, Sikudhani alimwachia ugali chini ya pakacha.

Msimu mmoja matunda yalionekana kupungua. Walikuwa nungunungu, kila mtu aliwaona na miba yao imetapakaa njiani. Lakini Bi Mkunde alisema nungunungu wake wanavaa kanga. Akili yake ilimwambia wakamwana wanaiba matunda wanapeleka makwao. Siku moja mchana, ukungu umeshuka, akaaga anakwenda kuhani msiba kwa jirani. Hakwenda. Alizunguka nyuma, akachukua kigoda chake na fimbo, akaenda kukaa chini ya msambu kumvizia mwizi. Mwanamke aliyezaliwa mlima ule, akazeeka mlima ule, na sheria ile akawafundisha wengine, alikaa pale kwa sababu ya choyo.

Wale watatu walikuwa barazani wanachambua maharage. Mwajabu akasita. Akauweka ungo chini.

"Tunda limeanguka," akasema, "lakini halikugonga ardhi."

Zaituni akasema labda limenasa tawini.

"Hapana. Limegonga mtu."

Wakatazamana. Waliokuwepo nyumbani walikuwa palepale barazani, na kigoda cha Bi Mkunde hakikuwepo mahali pake, na msibani hakuna aendaye na kigoda. Wote watatu wakajua. Na sasa niwaambie jambo ambalo kule halisemwi mbele ya wageni: hakuna aliyeinuka. Walikaa. Zaituni aliokota punje ya haragwe iliyooza akaitupa, akaokota nyingine. Kila mmoja alikuwa anawaza jambo lilelile, na kila mmoja alijua mwenzake analiwaza. Kisha Mwajabu akasema kwamba anamsikia anapumua, na yeye hawezi kukaa anasikiliza pumzi ya mtu mpaka iishe. Akainuka.

Mwajabu ndiye aliyetangulia. Chini ya mti alikuta kigoda kimepinduka na fimbo, mtu hayupo. Tunda lilimpiga Bi Mkunde nyongani likamtupa korongoni, na korongo lilikuwa limejaa ukungu, usingeona mkono wako. Jicho lisingefaa kitu pale. Mwajabu alifumba macho, akaiacha sauti ya maji upande mmoja, akaifuata pumzi upande wa pili, akateremka akishika mizizi. Alimkuta kizee amelala kwenye kijito, maji yanamfika kidevuni, kichwa kinazama. Akakiinua kichwa akakiweka mapajani. Upepo ukaja. Kule juu Mwajabu akasikia kikonyo kikikatika, akajua linakuja wapi, kama alivyojua siku zote. Angeweza kuruka. Lakini angeruka, lingetua usoni kwa mavyaa wake. Akainama akamfunika. Lilimpiga upande wa kichwa, damu ikamtoka masikio yote mawili, na kule kukatika kwa kikonyo ndiyo sauti ya mwisho aliyoisikia duniani.

Sikudhani akafika. Ukuta wa lile korongo ulikuwa utelezi mtupu, na kizee mwenye nyonga iliyovunjika habebwi begani. Sikudhani alifungua kanga yake kiunoni, akamfunga mgongoni kama mtoto, akapanda. Alipanda kwa magoti na kwa kucha, anateleza, anaanza upya. Sasa kuna siri hapa. Sikudhani alikuwa mjamzito. Mume alikuja Idi iliyopita, na baada ya miaka ya kuitwa gogo na mavyaa wake, mimba ilikuwa imeshika. Alikuwa hajamwambia mtu, alitaka itulie kwanza. Kanga ile aliyomfungia kizee alikuwa ameinunua iwe mbeleko. Alipofika ukingoni alihisi kitu kinamkata tumboni. Hakumtua. Alimfikisha ndani, akamlaza kitandani, akamfunika, ndipo akaenda nyuma ya migomba peke yake. Jua lilipozama mimba haikuwepo tena.

Zaituni ndiye aliyempokea kitandani. Bi Mkunde alikuwa wa baridi kama samaki, meno yameumana, midomo imebadilika rangi. Alikuwa anaondoka. Zaituni akamfungua ufunguo kiunoni, akafungua sanduku, akatoa kibuyu, akayaweka mafuta yote motoni. Mafuta ya msambu mnayajua sasa: yakitoka kwenye moto yanaganda. Na siku ile ilikuwa na baridi ya ajabu, ukiyachota kwa kata yanakuwa magumu kabla hayajamfikia mgonjwa. Njia ilikuwa moja. Zaituni alichovya mikono yake chunguni, yakiwa yanatokota, akampaka, akamsugua, akachovya tena. Miguu, tumbo, kifua. Alilia kwa sauti na hakuacha. Ngozi ya viganja ilibaki kwenye mwili wa mavyaa wake. Aliendelea mpaka kizee akaanza kutetemeka, na kutetemeka ndiko uhai.

Bi Mkunde akafumbua macho. Akatazama huku, akatazama huku. Neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Nani kafungua sanduku langu?"

Cheka tu, wewe. Wao hawakucheka.

Msimu uliofuata ulikaribia. Bi Mkunde hakutembea tena, lakini mdomo ulipona mapema. Mwajabu alipona jeraha akabaki kiziwi, akawa anasema kwa kupayuka kwa sababu hajisikii. Sikudhani alirudi kubeba mizigo ila kuimba aliacha. Vidole vya Zaituni vilipona vimejikunja ndani, mwiko haushiki, sindano haishiki. Waume waliletewa habari huko mkonge, nao wakatuma salamu.

Mwishowe wale watatu wakamwambia mavyaa wao kwamba siku aliyoisema imefika. Akaitwa mkubwa wa ukoo, Mzee Shekalaghe. Msidhani alikuwa mtu wa hekima sana, alikuwa mzee wa kawaida mwenye maumivu ya magoti na hamu ya kurudi kwake. Kabla hajakaa vizuri alitoa shauri la kivivu, lile lile mlilonalo nyinyi mdomoni: mti ni mmoja, wanawake ni watatu, wagawane matunda, mambo yaishe.

Sikudhani, ambaye hakuwahi kumjibu mkubwa, akasimama.

"Baba, mimi nimepoteza mtoto mzima. Sitaki theluthi ya mti."

Zaituni akasema na yeye vilevile. Mwajabu akaonyeshwa kwa ishara kinachosemwa, akapayuka kwamba masikio yake yalikuwa mawili na hakuyagawa na mtu. Mmeona sasa? Kabla ya siku ile wangegawana hata ukoko wa ugali. Lakini mtu aliyetoa kitu kisichorudi ukimpa kipande anaona umemtukana.

Kila mmoja akasema lake. Mwajabu alisema pasipo masikio yake, mgongo ungebeba nini, mikono ingepaka nini? Wangekuwa barazani wanachambua maharage mpaka kizee azame. Sikudhani alisema kusikia si kuokoa, Mwajabu angemsikia akifa palepale kijitoni, na Zaituni angekaa na chungu chake akimsubiri mgonjwa asiyefika. Zaituni alisema walichomletea yeye kitandani kilikuwa maiti inayopumua, na kama si mikono yake, masikio na mgongo vingekuwa vimeshirikiana kuleta mtu wa kuzikwa.

Bi Mkunde aliwasikiliza amelala, anatafuna midomo. Alipojibu hakuinua sauti.

"Wewe, Mwajabu, ulilisikia tunda lile kwa sababu ulikuwa unayategea matunda yangu uyaibe. Wewe, Sikudhani, umeniulia mjukuu wangu, kisha unanidai. Na wewe, Zaituni, umemaliza mafuta yangu ya mwaka mzima. Nani kati yenu anayenifaa?"

Zaituni akamfasiria Mwajabu kwa midomo na kwa ile mikono yake iliyokunjamana, neno kwa neno, bila kumpunguzia. Hakuna aliyelia. Bi Mkunde akaendelea, akasema kwa kuwa wanang'ang'ania, mti wenyewe utaamua. Waende wakakae chini ya msambu, wote watatu. Tunda la kwanza kuanguka, litakayemwangukia au kutua karibu naye zaidi, huyo ndiye mteule.

Mzee Shekalaghe alisema huko ni kuua watu. Bi Mkunde akamwambia mti ni wake, na wao wana miguu, asiyetaka asiende. Mzee akatazama magoti yake. Na wao, jamani, wakaenda. Mngewazuia nyinyi? Walikuwa wamebakiwa na nini kingine?

Wakakaa palipokatazwa, kila mmoja upande wake wa shina. Upepo ulikuwa mdogo. Mtu mwenye masikio akikaa pale ana bahati moja: kikonyo kikikatika atasikia, atainua uso, ataweza kuruka. Mwajabu hakuwa nayo. Aliyekuwa akisikia matunda yote ya mlima ule alikaa ameshika magoti, anatazama nyuso za wenzake, maana kitu pekee kilichobaki kumwonya ni macho yao.

Kikakatika. Sikudhani na Zaituni wakainua nyuso pamoja, wakaona linakwenda kwa nani. Zaituni akapiga kelele, akamwita Mwajabu kwa jina. Alisahau. Nani asingesahau? Sikudhani hakuita. Alijitupa, akamshika Mwajabu mguu, akamvuta kwa ule mgongo wake wote. Tunda likatua palepale Mwajabu alipokuwa amekaa, majani yangali na joto lake. Halikupasuka. Likabiringika likifuata mteremko kuelekea korongoni, na Zaituni akaiweka mbele ile mikono yake isiyoshika kitu, likakoma juu ya vifundo vyake.

Wakalizunguka. Kisha yakaanza. Mwajabu akapayuka kwamba limeanguka mahali pake, kila mtu ameona. Sikudhani akamwonyesha kwa kidole pale palipobonyea, kisha akamwonyesha kichwa chake, kwamba bila yeye angekuwa sasa hivi ameshinda na amekufa. Zaituni akasema mti uliliacha, tunda likatembea lenyewe mpaka kwake, na kama si yeye lingekuwa korongoni na hakuna ambaye angekuwa na la kudai. Hata kulipeleka ndani waligombana, wakalibeba wote watatu, bega kwa bega, wanasukumana mlangoni.

Wakaliweka kitandani kwa Bi Mkunde, wakaeleza. Kizee akalipapasa lile tunda, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nyonga.

"Jibu ninalo," akasema. "Nitalitoa asubuhi, nikishakunywa uji."

Asubuhi Sikudhani alipika uji, kwa sababu Zaituni hawezi mwiko. Mwajabu akaupeleka. Bi Mkunde alikuwa amelala na tunda lake kifuani, amekumbatia, na alikuwa amekufa tangu saa nyingi. Uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mtu aliyeshiba. Uhai waliomnunulia kwa masikio, kwa mtoto na kwa mikono, aliutumia kuwatukana, kisha akaondoka na jibu. Mwajabu alisimama pale na bakuli mpaka uji ukaota ngozi.

Wakamwosha wao, wakamzika kwa heshima zote; waume walituma salamu tena. Walibishana hata nani amfunge kidevu.

Baada ya arobaini Mzee Shekalaghe akarudi. Akasema ukoo ule unakumbuka mti mwingine, zamani, ulioachwa bila mwenyewe, na ndugu wawili wakauana kwa panga chini yake. Kwa hiyo ukoo hautaki msambu usio na mwenyewe. Atajwe mmoja. Akitajwa, wawili wafunge vitu vyao. Asipotajwa kabla tunda la kwanza la msimu ujao halijaanguka, mti ukatwe uwe mbao, na wote watatu waondoke. Akaleta shoka, akaliegemeza kwenye mlango wa nyuma ili wasisahau.

Lipo pale mpaka sasa. Wale watatu wanapikia meko matatu ndani ya ua mmoja, kila mmoja na moshi wake, hata Zaituni, anayekoroga mwiko ameubana kwapani. Matunda ya msimu mpya yameshakomaa, na vikonyo vimeanza kulegea.

Haya, mimi nimemaliza yangu. Wewe wa pembeni nakuona unataka kusema wangemwacha kizee korongoni. Siku nyingine mimi mwenyewe nasema hivyo, lakini sikuuliza hilo. Wewe unataka kusema Mwajabu, kwa kuwa alianza. Haya, mwambie Sikudhani kwamba kuanza ni zaidi ya mtoto wake. Wewe unasema Sikudhani, aliokoa mara mbili, kizee na mwenzake. Haya, mwambie Zaituni akalime kwa mikono ile, huko kwao kwa wifi zake. Na wewe unayesema Zaituni, kwa kuwa yeye hana tena namna ya kujilisha, mti ni malipo ya kazi au ni sadaka? Tena nani atamwokotea hayo matunda, nani atamkamulia? Mmoja anaweza kuyabeba asiweze kuyapika vizuri, mmoja anajua kuyapika asiweze kuyashika, mmoja hatayasikia yakianguka. Anayesema wagawane, ndoo ile pale, na kisima anakijua.

Wamesimama uani sasa hivi, wote watatu, wanakutazama wewe. Je, ungeamua vipi? Ukishaamua usiite jina, maana Mwajabu hasikii, naye ana haki ya kujua pamoja na wenzake. Nyoosha kidole tu, na usikishushe mpaka wote watatu wamekiona.